Barua ya Baba, Mwandiko Wangu

Jumapili, 3 Machi 1957

Leo shangazi Léocadie amekaa mahali pa mama kanisani. Upande wa wanawake, benchi la tano, karibu na dirisha. Benchi lenyewe baba alilitengeneza kwa mikono yake. Shangazi ni dada mkubwa wa baba, na Mungu hakumnyima mwili — Odile alibanwa ukutani misa nzima na hakusema kitu. Mdogo wangu hasemi kitu siku hizi. Ana miaka minane na ananyamaza kama mjane.

Ni wiki tano tangu mama aende kwao. Sina mtu wa kumwambia, ndiyo maana naandika, nyuma ya daftari la hesabu. Masera, sista anayetufundisha, hafungui huko.

Nianze mwanzo. Mtoto wetu mchanga alikufa kabla ya Noeli. Alikuwa wa pili kutufia. Baada ya maziko baba alikuta hirizi imeshonwa ndani ya kitambaa cha mtoto. Mama alizaliwa kwa Waislamu, upande wa Wamaza. Alibatizwa akaitwa Marguerite ili aolewe na baba. Shangazi akasema: unaona? Ndicho kilichomuua. Baba akaitupa hirizi motoni mbele ya mama. Mama hakulia. Alikaa wiki nyingi akipika, akifagia, akingoja — nafikiri alingoja baba aseme neno. Halafu asubuhi moja akachukua kikapu akaenda.

Mke akienda kwao kwa hasira, mume anamfuata. Hilo hata mbuzi wanajua. Anabeba kuku na kikwembe kipya cha mke kujifunga, anakaa nje mpaka aitwe, anakubali kusemwa kidogo na wakwe, wanarudi pamoja. Baba hakwenda. Alikuwa anatengeneza mabenchi ya kapela, lile kanisa dogo jipya. Akasema: "Siku hizi mutu aliyesoma anaandika." Akaniita mimi nishike kalamu, maana mkono wake umezoea randa. Nayakumbuka maneno yote, hayakuwa mengi. *Marguerite, nimekusamehe. Rudi nyumbani. Watoto wanakuhitaji. Mimi, Dominique.* Mwenyewe nikaongeza chini: Odile anakulilia.

Dereva wa kamyo ya pamba akaichukua. Mpaka leo hakuna jibu.

Zamani, Jumapili kama hii, baba alikuwa anarudi kutoka misa ya kwanza na kuingia karakana "dakika moja tu". Dakika ya baba ni saa nzima. Akitoka, nywele zimejaa taka za mbao. Mama alimkalisha kwenye kiti kidogo akamtoa zile taka moja moja, huku akimtania kwamba siku moja atachipua majani. Wali unanukia mawese. Odile anaiba ngozi ya kuku. Sikujua kwamba ile ilikuwa furaha. Nilidhani ni Jumapili tu.

Alhamisi, 7 Machi

Pascaline hakunisubiri njiani. Tangu darasa la kwanza tunatembea pamoja! Nikamkuta mtoni, nikamuuliza. Akasema mama yake amemkataza kuja kwetu, nyumba isiyo na mama haina wa kuangalia wasichana. Alisema kwa upole, macho yake kwenye ndoo. Ningependa angesema kwa ubaya, ningejua la kumjibu.

Masera amechagua wasichana wa kubeba mishumaa siku ya Pasaka. Mwaka jana nilibeba. Mwaka huu alipita mbele yangu, akampa Louise. Akaniambia taratibu kwamba ni vizuri kusubiri mambo ya nyumbani yatulie. Kana kwamba mambo ya nyumbani yangedondosha mshumaa.

Odile amewaambia wenzake wa shule mama amekwenda kumzika mtu. Mwalimu wake akanipa pole njiani. Nikasema asante.

Jumanne, 19 Machi

Leo Mtakatifu Yosefu, sikukuu ya mafundi mbao. Baba huwa hafanyi kazi leo. Huwa tunaweka majani ya mtende mlangoni pa karakana, mama anapika samaki wa mto Lualaba kwa mawese na pilipili, mafundi wenzake baba wanakuja, wanakunywa, wanadanganyana habari za miti mikubwa waliyoiangusha. Mama akiwa jikoni anawajibu kwa Kibangubangu, lugha ya kwao, na wao hawaelewi, na baba peke yake anacheka. Alijifunza lugha ile kwa ajili yake. Shangazi anasema hilo ndilo lililomharibu.

Leo baba alifanya kazi mchana kutwa. Aliranda ubao mmoja mpaka ukawa mwembamba, haufai tena. Nilimwona. Akauegemeza ukutani, akachukua mwingine.

Odile amekojoa mkekani tena. Ni mara ya nne. Shangazi alitaka kumfunga mkeka mgongoni apite nao mtaani, eti ndiyo dawa. Nikasema ukimfunga yeye unifunge na mimi, twende wote, watu waone watoto wa fundi Dominique. Shangazi akanishangaa. Akasema nimekuwa na mdomo wa watu wa Kabambare, kwao mama. Nilikwenda kuufua mkeka, na sikujuta.

Jumapili, 14 Aprili — Jumapili ya Matawi

Habari kutoka kwa mama! Dereva wa kamyo aliteremka mlangoni petu hata kabla ya kunawa vumbi. Mama anaomba watoto waje wakati wa livu ya Pasaka. Juu ya barua, hakuna neno. Nilimuuliza dereva mara mbili kama aliikabidhi kweli. Akasema alimpa kaka wa mama, mjomba Kassimu, mkononi.

Shangazi akasema: "Waende kule kwa Waislamu, wakati huu wanafunga? Watarudi bila medali shingoni." Baba akafikiri sana. Kisha akasema tutakwenda Jumatatu ya Pasaka, siyo kabla, na kabla ya shule kufunguliwa tuwe tumerudi.

Usiku Odile akaniuliza kama mama atamtambua. Ndiyo maneno yake marefu kuliko yote wiki hii.

Jumatatu, 22 Aprili — kwa nyanya

Tumefika! Kamyo mpaka Wamaza, halafu saa mbili kwa mguu na mjomba Kassimu, aliyembeba Odile mabegani kwenye kila kijito. Sikumbuki mjomba kuwa mpole hivi. Miaka ya kwanza ya ndoa ya mama alikuwa hali chakula chetu.

Mama alikuwa anatwanga. Alisimama tu, mchi mkononi. Odile akamkimbilia, akamshika mguu, hakuuachia mpaka jua likazama. Na akasema! Akasema kila kitu — paka wa jirani, jino lililotoka, mkeka, kila kitu, kama bomba lililozibuka.

Mimi nilimsalimia mama kwa heshima kama mgeni. Sijui kwa nini. Nilitaka nimkute amekonda. Hakukonda. Amenawiri, amejifunga kikwembe kichwani kwa namna ambayo kwetu Kasongo hakuwa anajifunga. Nikakasirika, kisha nikaona aibu ya kukasirika.

Hapa hakuna anayejua Marguerite ni nani. Wanamwita Amisa. Kila wakiita, mimi natazama nyuma kutafuta mtu mwingine.

Anafunga. Alitupikia bugali na sombe, majani ya muhogo, mchana, akatutazama tukila, yeye hakuonja hata chumvi. Nilipomuuliza kama chumvi inatosha, akacheka. Cheko lile lile.

Jumatano, 24 Aprili

Nimepumua kwanza ndipo naandika. Leo nimejua jambo kubwa.

Tangu alfajiri tulikuwa shambani kufukuza ndege. Mpunga umeinamisha vichwa. Mama amefunga kamba kutoka kijukwaani mpaka kila upande wa shamba, na kwenye kamba makopo. Ukivuta, yanalia yote pamoja na ndege wanaruka kama mtu amepindua wingu. Tulikuwa na makopo kama hayo kwetu. Baba alikuwa anavaa kofia mbovu anasimama katikati ya mpunga mikono wazi, eti yeye ni sanamu, na ndege wanamzoea, na mama anampigia kelele kwamba sanamu wa kweli angalau hasinzii. Nikamkumbusha mama. Akavuta kamba, makopo yakalia, akasema ndege wa huku ni wakali kuliko wa kule.

Jioni nikamwambia nyanya, mama yake mama, kwamba mvua ikipungua baba atakuja kumchukua. Nyanya akaacha kuchambua mboga. "Mujukuu wangu, usiseme vile mbele ya mama yako. Eda yake inaisha Ijumaa ya wiki inayokuja, nyuma ya Idi. Baba yako alikwisha kumuacha."

Nikauliza amemwacha vipi. Akasema alituma talaka.

Talaka gani?

Mjomba Kassimu akaingia ndani, akatoka na karatasi. Anaiweka pamoja na Kurani yake. Karatasi yenye mistari, kona moja ina doa la mawese. Mwandiko wangu.

Mjomba ni msomi, watu wanatoka mbali kuja kusomewa naye. Lakini yeye anasoma herufi za Kiarabu. Za kwetu, za masera, hazijui. Akanieleza bila hasira: "Muume akituma karatasi — kuku haiko, kikwembe hakiko, hata mutu wa kusema naye haiko — ile karatasi ni nini? Huku kwetu ile ni talaka. Hata mutoto anajua." Basi wakampa mama habari, na mama akaanza kukaa eda tangu mwezi wa pili.

Nikaisoma kwa sauti. Nimekusamehe. Rudi nyumbani. Watoto wanakuhitaji. Mimi, Dominique. Na mstari wangu.

Mjomba akavua kofia yake, akaikunja, akaikunjua. Nilimhurumia. Mtu anayesomea wengine, na karatasi moja ya mtoto wa shule ikamshinda. Akasema mlango bado haujafungwa. Eda haijaisha, mume anaweza kumrejea mke wake kwa neno moja. "Lakini akuye yeye mwenyewe. Karatasi tumeichoka."

Niliwauliza kama wanajua kwamba kwa kanisa ndoa haivunjiki hata kwa karatasi mia. Nyanya akasema labda, lakini kanisa liko Kasongo na mama yangu yuko hapa.

Mama wakati huo wote alikuwa jikoni. Alisikia. Ukuta wa jikoni ni matete tu. Alikuja kuchukua sufuria, macho mekundu kwa moshi, hakunitazama. Nafikiri ni furaha imemzidi. Mimi sijatulia hivi tangu Noeli — naandika haya nikiwa nimelala kifudifudi, Odile kando yangu, mkeka mkavu.

Alhamisi, 25 Aprili

Mkeka mkavu tena. Siku ya tatu! Nimemwambia mama. Akashika kichwa cha Odile kwa mikono miwili akakaa hivyo kwa muda mrefu.

Jumamosi, 27 Aprili — Kasongo

Tumerudi mchana. Kamyo iliharibika mara moja tu, tumshukuru Mungu.

Nilimwambia baba karakanani, nikiwa bado na mzigo mkononi. Nilisema yote bila kupumzika: talaka, eda, Ijumaa. Baba alikuwa anapima mlango. Aliendelea kupima. Mwisho akasema: "Mimi niliandika vizuri. Wao ndio walisoma vibaya."

Nikasema hawakusoma kabisa, baba.

"Basi ni kosa lao."

Shangazi alisikia, akaja na mwiko mkononi. Je, fundi wa kanisa ataenda kupiga magoti kwa Waislamu, mwezi wao wa kufunga, kuomba mke aliyeleta uchawi ndani? Nikamwambia shangazi kwamba kama ni uchawi mbona ulimwacha yeye mzima. Nimepigwa kofi. Nililistahili kidogo. Baba hakuingilia, lakini alipomaliza kupima aliandika kipimo kwenye ubao na nikaona amekiandika mara mbili, tofauti.

Nimechukia kiburi cha baba leo. Na nimemwonea huruma. Vyote viwili, havitaki kukaa mbali mbali.

Jumapili, 28 Aprili

Baada ya misa baba alizunguka nyuma ya nyumba. Kelele za kuku, halafu akatokea na jogoo mwekundu amefungwa miguu. Hakusema ni wa nini. Baadaye akaniita nichague kikwembe dukani, maana yeye hajui rangi. Nikachagua cha buluu.

Kesho masomo yanaanza. Nitakosa siku nne. Masera atakasirika, na akasirike.

Jumanne, 30 Aprili — Wamaza

Tumelala kwa katekista. Mkewe, mama Emilienne, ametupa maji ya moto na wali. Alimtazama baba sana, nikaona anataka kusema kitu, hakusema.

Juu ya kamyo, tumekaa juu ya magunia, baba amemshika jogoo kama mtoto. Njia nzima alitusimulia safari yake ya kwanza kuja kumposa mama. Sijapata kumsikia baba akisema mengi hivyo. Alikuja kwa kinga, baiskeli ya kuazima, breki hazipo; kwenye mteremko wa mwisho alishindwa kusimama, akapita mbele ya nyumba ya wakwe miguu juu mpaka kwenye shamba la karanga. Mama alikuwa karangani. Ndiyo mara ya kwanza kuonana. Hakumcheka, alimwuliza kama huko aendako ni mbali. Odile alicheka mpaka akapaliwa. Na mimi nilicheka, kisha nikageuka pembeni kwa sababu ya machozi. Watu wawili waliokutana vile! Imekuwaje wakafika kwenye karatasi?

Nikaona ni nafasi. Nikamuuliza: baba, kwa nini ulichoma ile hirizi?

Tukapita vijiji viwili. Halafu akasema: "Mutoto alikuwa bado na joto mukononi mwangu." Ni hayo tu. Akajifanya kuangalia kamba za jogoo.

Sasa nimeelewa kitu. Tangu siku ya maziko baba hajataja yule mtoto hata mara moja. Kuitaja hirizi ni kumtaja yeye.

Jumatano, 1 Mei — kwa nyanya, Idi

Naandika nyuma ya jikoni. Naandika harakaharaka, bado mambo yanaendelea.

Tulifika asubuhi. Idi! Hatukujua kama mwezi umeonekana. Watoto wote wamevaa nguo mpya, kuna harufu ya wali kila nyumba, na sisi tumejaa vumbi na jogoo wetu. Baba alikaa nje kwenye mkeka wa wageni, kama inavyotakiwa. Hakulalamika. Nyanya akamtuma Odile ampelekee maji ya kunawa. Odile akapiga goti akammiminia baba yake maji, kama tunavyowafanyia watu wa mbali. Akauliza kama yanatosha. Baba akasema yanatosha, asante mama. Niliangalia pembeni.

Wazee wanne wakakaa, mjomba katikati. Kwanza wakamsema kidogo, desturi. Baba akainama, akakubali. Jogoo akapokelewa, kikwembe kikapelekwa ndani. Nilikuwa na furaha.

Nikamfuata mama chumbani. Alikuwa amekaa kitandani, kikwembe cha buluu magotini. Nikamwambia: mama, unaona, lilikuwa kosa tu, baba hakukuacha hata siku moja.

Akasema: "Ninajua."

Nikadhani anasema juu ya leo. Akaniambia tena, pole pole. "Emilienne wa Wamaza alinisomea ile barua mwezi wa pili. Nilibeba karatasi mupaka kwake, kaka yangu hakujua. Nilimwambia asome mara mbili. Na ule mustari wako wa chini, niliujua mara moja ni wako."

Alijua! Wiki zote zile. Mimi nimelala nikimlaumu dereva, nikimlaumu mjomba, nikimlaumu mkono wangu kwa kuandika vibaya. Na yeye alijua.

Nikauliza kwa nini hakurudi. Nadhani nilipiga kelele. Alinivuta nikae.

"Iliandikwa amenisamehe. Mimi nilingoja nione amenisamehe nini." Halafu akaniambia ile hirizi iliandikwa na baba yake, babu yangu, mwezi aliokufa. Ndicho kitu pekee alichobaki nacho cha mkono wake. Alikishona kwenye kitambaa cha mtoto kwa sababu alikuwa anaogopa, baada ya yule wa kwanza. "Miye vilevile nilikuwa mama wa ule mutoto. Moto ule ulichoma batu wawili mbele yangu, na baba yako akaenda kulala."

Nilimwambia tu kwamba mkeka wa Odile ulikuwa mkavu siku zote tulipokuwa hapa. Kwamba Pascaline hanisubiri tena. Kwamba shangazi anakaa mahali pake kanisani. Nilimwaga yote, bila aibu, na sikuwa mkubwa hata kidogo. Akanipangusa uso kwa kile kikwembe kipya.

Halafu akasema jambo jingine. Eda ya mwanamke anaijua mwanamke mwenyewe. Wazee watamtuma nyanya kuuliza, na neno lake ndilo litakalopokelewa, hakuna wa kulipinga; akisema imekwisha, baba hawezi tena kumrejea. Kwa hesabu yake na ya nyanya inaisha Ijumaa. "Nikisikia baba yako anataja ule moto, na ule mutoto, kwa kinywa chake, mbele ya batu — basi ni Ijumaa."

Nilitoka mbio. Baba alikuwa peke yake mkekani, wazee wamesimama kwa sala ya adhuhuri. Nikapiga magoti mbele yake, nikamnong'oneza: baba, sema habari ya hirizi. Sema ya mtoto. Maneno mawili tu, anasikia kutoka dirishani.

Akanitazama. Jamani, baba yangu! Macho yake yalijaa. Akasema sawa. Alisema sawa!

Wazee wakarudi. Mjomba akamuuliza kwa heshima: "Shemeji, uko na neno lingine, mbele ya kutuma kuuliza?"

Baba akasafisha koo. Akafungua mdomo. Nikamwona anatafuta, mikono yake inapapasa ukingo wa mkeka kama inapima. Mzee mmoja akakohoa.

"Hapana," akasema. "Barua ilisema yote."

Mjomba akangoja kidogo zaidi. Namshukuru kwa hilo. Kisha akamwambia nyanya aende ndani.

Ndipo nikaja huku nyuma. Daftari lilikuwa kikapuni pamoja na vitu vyetu. Odile yuko hapa. Amechukua kikapu cha mama na anapanga: kitana, sufuria ndogo, nguo zake za kushindia, kila kitu kwa utaratibu, huku anaimba. Amesikia wazee wamepokea jogoo, anajua maana yake. Aliniuliza tutalala Wamaza tena au tutafika Kasongo moja kwa moja.

Nyanya ameingia. Namsikia kupitia matete. Anauliza taratibu, kwa Kibangubangu, kama mtu anayeuliza habari za usingizi. Nyanya anauliza tena.

"Imekwisha."

Neno moja, sauti ya kawaida kabisa. Baba hajalisikia, yuko upande wa mbele, bado amenyoosha mgongo. Wazee wanamngoja nyanya atoke. Odile naye hakusikia, alikuwa anaimba. Ameinua kikwembe kimoja cha mama, ananiuliza kama hiki nacho kinakwenda Kasongo.

Nimemwambia alete, nimsaidie kukunja.